Mlango wa Shule na Deni la Serikali

Katika Sheria ya Elimu ya Msingi iliyopitishwa nchini Kenya mwaka 2013, miaka mitatu baada ya kuzaliwa kwa Katiba mpya, kipo kifungu cha 29 ambacho kila mzazi wa Bomet angestahili kukijua kwa moyo kama anavyoijua bei ya kilo ya majani mabichi ya chai. Kifungu hicho chakataza shule ya umma kutoza karo ya mafunzo. Charuhusu malipo mengine, kwa sharti kwamba waziri ameyaidhinisha baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti na kwamba kila malipo yametolewa stakabadhi. Kisha, kana kwamba waliokitunga waliona mbele ni wapi hila ingepenyea, chaongeza kuwa hakuna mtoto atakayenyimwa kuhudhuria masomo kwa sababu malipo hayo hayakulipwa. Kifungu cha 32 chasema kwamba kupokewa kwa mtoto katika shule ya umma hakulipiwi ada yoyote. Cha 34 chakataza kumbagua mtoto kwa kabila lake, jinsia yake, dini yake, ulemavu wake, lugha yake au asili ya wazazi wake, na chakataza pia mtihani wa kumchuja mlangoni, ila ule wa kupima anafaa kuanzia daraja gani. Juu ya hayo yote imesimama ibara ya 53 ya Katiba ya 2010, inayompa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo ya bure na ya lazima.

Sheria, basi, haikukosekana. Kilichokosekana ni kitu kinachosimama kati ya sheria na mlango wa shule, na aghalabu watu wakikitafuta hukitafuta mahali pasipo pake: mmoja hulaumu uzembe wa wazazi, mwingine tamaa ya walimu wakuu, wa tatu ukabila. Mambo hayo yapo, na nitayagusa. Lakini mwenye kuitazama Bomet kwa utulivu, kaunti ya watu 875,689 kwa hesabu ya mwaka 2019, yenye mashamba ya chai upande wa Konoin na ng'ombe wa maziwa na mahindi upande wa Sotik na Chepalungu, ataona kwamba chanzo cha dhuluma nyingi za mlangoni ni kimoja. Serikali huiahidi shule fedha, haizitimizi au huzichelewesha. Shule huingia deni. Na deni hilo, badala ya kurudi kwa aliyelisababisha, humshukia mtoto aliye dhaifu kuliko wote wanaohusika. Anayelifikisha deni hilo kwa mtoto ni mwalimu mkuu, na huyu ndiye mtu yule yule ambaye kifungu cha 40 kinamwamuru kuchunguza sababu ya kutofika kwa mtoto asiyeonekana shuleni, kumwandikia mzazi, na kuipasha habari bodi ya elimu ya kaunti. Sheria imemfanya mlinzi wa haki, na bajeti imemfanya mkusanya madeni. Mtu mmoja hawezi kuzitimiza kazi hizo mbili kwa uaminifu asubuhi moja.

Nchi hii ya Wakipsigis, ambayo Bomet ni sehemu yake, ina historia yake ya kufungiwa milango, na si haki kuipita mbio. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilitwaa takriban ekari 25,000 karibu na Kericho, ardhi yenye mvua ya kudumu na udongo mwekundu, ikawapa maafisa wa jeshi la Uingereza waliolemazwa na Vita Vikuu ili walime kitani. Mradi ule ulifilisika katika muda wa miaka michache, na ardhi, ambayo haikurudishwa kwa wenyewe, ikapita mikononi mwa kampuni za Brooke Bond na James Finlay, ambazo katikati ya miaka ya 1920 zilianza kuifunika kwa chai. Chai ilihitaji mikono mingi, na miongoni mwa mikono hiyo ilikuwamo ya watoto, waliochuma majani kwa ujira katika miaka ambayo mtoto wa mzungu wa umri ule ule alikuwa darasani. Mwaka 1942 elimu ilifanywa ya lazima kwa watoto wa Wazungu nchini Kenya. Kwa mtoto wa Kiafrika haikuwa ya lazima wala ya bure, na nafasi chache zilizokuwapo zilitegemea misheni, kama zile za Tenwek na Kaplong, au shule haba za serikali, kama Kabianga. Katika utaratibu ule shule ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila moja na fungu lake la fedha, na fungu la wengi likiwa dogo kuliko yote.

Ndiyo sababu Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipopendekeza mfumo mmoja wa elimu kwa taifa zima, watu wa bara waliiona kama sehemu ya uhuru wenyewe. Upande wa pili wa maji, Septemba 1964, Sheikh Abeid Karume alitangaza Zanzibar kwamba elimu itakuwa bila malipo. Kenya ilikwenda kwa hatua za kusitasita. Desemba 1973 Mzee Jomo Kenyatta aliondoa karo katika madarasa manne ya chini kuanzia mwaka uliofuata, na shule zilipojaa kabla hazijajengwa, kamati zikabuni mchango wa majengo, ambao mahali pengi uliishinda ile karo iliyoondolewa. Mwaka 1988 serikali ilirudi kwenye kugawana gharama na wazazi. Januari 2003 serikali ya Mwai Kibaki ikaufungua mlango tena, safari hii kwa madarasa yote ya msingi. Na mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, akaketi katika darasa la kwanza huko Eldoret kudai kile alichonyimwa utotoni. Mwaka 2008 mpango ukapanuliwa hadi sekondari za kutwa. Msomaji atambue mwenendo unaojirudia katika mapito hayo: mlango hufunguliwa kwa tangazo, watoto huingia kwa maelfu, fedha hubaki nyuma, na shule huanza kubuni majina mapya ya karo.

Tuyatazame majina hayo kwa hesabu. Mgao wa serikali kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka, yaani chini ya shilingi 500 kwa muhula, na katika hizo zatarajiwa kutoka vifaa vya kufundishia, ukarabati, umeme, maji na ujira wa bawabu. Mwanafunzi wa Sekondari Msingi hutengewa 15,042, na wa sekondari hutengewa 22,244. Lakini mwaka 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi alikiri mbele ya wabunge kwamba serikali haiwezi kuendelea kulipa kiasi hicho kwa ukamilifu, na kwamba fedha zinazofika hasa ni pungufu yake kwa maelfu ya shilingi. Ukiri ule ulikuwa wa kweli, na katika siasa ukweli hauna budi kushukuriwa. Lakini matokeo yake mashinani hayahitaji mtabiri. Bodi ya usimamizi iliyokwisha kuajiri walimu wake yenyewe, kwa kuwa Tume ya Kuajiri Walimu haikuleta wa kutosha, yadaiwa mishahara. Mfanyabiashara aliyeleta mahindi na maharagwe kwa mkopo yuko mlangoni. Mwalimu mkuu afungua daftari, achora mstari chini ya majina ya wasiolipa, na asubuhi ya Jumanne watoto hao waonekana barabarani na mabegi yao saa tatu, wakirudi nyumbani kuleta fedha ambazo huko hazipo.

Mzazi akienda kuandikisha mtoto hapewi karatasi yenye maneno "ada ya kuandikishwa", kwa maana jambo hilo limeharamishwa na kila mtu anajua. Hupewa orodha. Tuchukue ile ya shule ya bweni: sare jozi mbili na sweta yenye nembo, ambayo hupatikana katika duka moja tu mjini, godoro, sanduku la chuma, ndoo na blanketi, koti la mvua, rimu mbili za karatasi za kupigia chapa, fyekeo au jembe lenye mpini, nakala ya cheti cha kuzaliwa, fomu ya daktari iliyopigwa muhuri, picha ndogo nne, na stakabadhi ya benki inayothibitisha kwamba karo ya muhula wa kwanza imelipwa. Hapana hata kimoja katika vitu hivyo kinachoitwa kiingilio, na hapana hata kimoja ambacho mtoto akikikosa hapati matatizo. Baba asimama kwenye foleni akiwa na sanduku lakini hana rimu. Aambiwa akae kando. Saa nane aambiwa arudi Jumatatu. Ukimuuliza karani kama mtoto amekataliwa, atakujibu kwa dhati kwamba hakukataliwa, bali hajakamilisha. Hapa ndipo haki inapopotea. Mtoto aliyekataliwa kwa maandishi angeweza kwenda mahakamani na karatasi yake, lakini huyu ambaye hajakamilisha hana kitu mkononi cha kumwonyesha hakimu.

Nimetaja bweni, na hesabu zake ni nzito zaidi. Karo rasmi ya shule ya bweni ya kitaifa kwa mwaka ilipangwa kuwa shilingi 53,554, na ya shule nyingine za bweni 40,535. Mkulima mdogo wa chai anayepeleka majani yake Kapkoros, Tirgaga au Mogogosiek hulipwa kidogo kila mwezi kwa kila kilo iliyopimwa, kisha hungoja bonasi ya Oktoba, ambayo ndiyo fedha kubwa ya mwaka. Kwa miaka kadhaa sasa wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa wamelalamika kwamba bonasi yao ni ndogo mno ikilinganishwa na ya wenzao wa Mlima Kenya. Ikija haba, tayari imekwisha kudaiwa na duka la mbolea na chama cha akiba na mikopo, na kati ya Oktoba na Januari iko pia Desemba, mwezi ambao kwa desturi ya Wakipsigis wavulana huingia jandoni, wakakaa faraghani katika menjo na kugharamiwa na jamaa zao. Shule hufungua katika juma ambalo mkoba wa nyumba uko mtupu kuliko majuma yote. Kalenda ya elimu haikutungwa na mtu anayeijua kalenda ya majani.

Mtoto wa kibarua wa shamba kubwa ana shida ya namna nyingine. Yeye huzaliwa katika nyumba ya kampuni na husoma katika shule ya umma iliyojengwa juu ya ardhi ya kampuni, pamoja na watoto wa Wakisii, Waluo na Waluhya ambao wazazi wao waliletwa na kazi vizazi viwili au vitatu vilivyopita. Kazi ikikatika, nyumba hukatika, na shule hukatika. Mashine za kuchuma chai zimepunguza vibarua kwa wingi, hata Mei 2023 baadhi yake zilichomwa moto huko Kericho na watu wenye hasira. Na kabla ya hapo, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya jamaa waliondoka mashambani kwa kuhofia roho zao. Mtoto anayehamishwa katikati ya muhula huwasili shule mpya bila barua ya uhamisho, na jina lake katika mtambo wa kuwasajili wanafunzi, ulioanzishwa mwaka 2017, limebaki kule alikotoka. Mgao wake wa fedha hubaki huko pia. Mwalimu mkuu wa shule mpya akimpokea, ampokea mtoto asiye na fedha. Na ingawa walio wengi huwapokea kwa huruma, haki iliyotegemea huruma ya mtu mmoja si haki imara.

Mtambo huo ulinuiwa kuwafichua wanafunzi hewa waliokuwa wakilipiwa fedha za umma, na nia hiyo ilikuwa njema. Lakini ulidai namba ya cheti cha kuzaliwa, na asiye nacho hakuhesabiwa vilivyo. Basi aliyezaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga na kuzaliwa kwake hakukuandikwa, aliyelelewa na bibi baada ya mama kwenda mjini kutafuta kazi, na ambaye mama yake alizungushwa ofisini kwa sababu baba hakutajwa, wote hao wakawa na taabu moja. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikwisha kutamka kwamba kumzuia mama asiye na mume kuandika jina la baba katika usajili wa mtoto wake ni ubaguzi; lakini hukumu ya Nairobi husafiri polepole hadi kwenye dirisha la karani wa wilaya. Kwa maoni yangu, amri iliyo ya busara ni fupi: mtoto aingie darasani kwanza, na cheti kitafutwe na serikali yenyewe kupitia naibu wa chifu, ambaye anamjua kila aliyezaliwa katika kata yake.

Kuna suala jingine, gumu zaidi, nalo ni la mgawanyo wa nafasi pale ambapo nafasi ni chache kuliko wanaozitaka. Mwaka 1985 serikali iliamuru kwamba sehemu kubwa ya nafasi za sekondari, asilimia 85, ziwe za wanafunzi wa eneo ilipo shule. Kwa jamii zilizojenga shule za harambee kwa kuuza maziwa na kutoa matofali, amri ile ilionekana kuwa insafu: aliyejenga alale ndani ya nyumba yake. Lakini ilizaa shule za kabila moja, na ikaacha swali ambalo katika nchi ya chai halikwepeki, la kwamba mwenyeji ni nani, na kama binti wa mchumaji wa Kikisii aliyezaliwa Konoin na asiyejua kwao kwingine ni wa hapa au si wa hapa. Mwaka 2011 mgogoro ukahama kutoka kabila hadi mali: wizara iliwapunguzia watahiniwa wa shule za binafsi nafasi katika shule za kitaifa ili wa shule za umma wapate zaidi, na wazazi wakaenda mahakamani, katika kesi inayojulikana kwa jina la John Kabui Mwai. Mahakama Kuu iliwakatalia. Ilikubali kwamba si kila tofauti ya kutendewa ni ubaguzi, na kwamba dola inaweza kumwegemea aliyeachwa nyuma ili kumsogeza mbele. Naiona hukumu ile kuwa ya haki, japokuwa watoto wengi wa shule za binafsi walikuwa watoto wa watu wa kawaida waliojinyima. Haiwezekani kumwita mwenzako sawa nawe katika mashindano huku umemwachia darasa la watoto themanini na kitabu kimoja kwa wanne.

Mashindano hayo sasa yamebadili sura. Mtihani wa darasa la nane ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na katika mfumo mpya mwanafunzi anayetoka Gredi ya 9 huelekezwa katika mojawapo ya njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Maneno hayo ni mazuri. Lakini maadamu njia ya sayansi hudai maabara, na sekondari nyingi za kutwa hazina maabara inayostahili jina hilo, mtoto wa nyumba isiyo na fedha za bweni huchaguliwa njia na umbali wa shule kabla hajaulizwa anapenda nini. Sheria ya 2013 yataka shule ziwe katika mwendo unaofikika; ni lazima sasa isomwe kumaanisha mwendo unaofikika wa elimu anayoistahili, si wa jengo tu.

Wako pia wanaofungiwa kwa sababu zisizo za fedha. Msichana aliyejifungua ana haki ya kurejea shuleni kwa sera ya tangu mwaka 1994, iliyotiwa nguvu na mwongozo wa 2020, ingawa mara nyingi hurudi kwenye minong'ono inayomwondosha upya. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumrudisha nyumbani msichana wa kidato cha kwanza kwa sababu ya nywele za imani yake ya Rastafari ni kuvunja Katiba. Mtoto mwenye ulemavu huambiwa kwa upole kwamba shule haina vifaa vyake, na upole huo humfungia nje sawasawa na ukali.

Walimu wakuu wana hoja yao, na ni hoja ya watu waaminifu. Husema: kama hakuna atakayerudishwa nyumbani, basi hakuna atakayelipa, hata mwenye uwezo, na siku chakula kitakapokwisha ghalani, wote watarudi nyumbani, maskini na tajiri. Mzigo wao ni wa kweli, na anayewakemea kutoka ofisi ya Nairobi bila kuwatumia fedha hawatendei haki. Hata hivyo hoja yao haithibitishi kile wanachotaka kuthibitisha. Deni la shule ni jambo baina ya watu wazima: kati ya bodi na mzazi, ambaye aweza kuitwa, kuandikishiana mapatano ya kulipa kwa awamu kutoka malipo ya majani, na mwenye uwezo anayekaidi kushitakiwa, na kati ya bodi na serikali, ambayo ndiyo mdaiwa mkubwa. Mtoto hakukopa kwa yeyote. Vivyo hivyo hakukopa kijana aliyemaliza kidato cha nne na cheti chake kikafungiwa kabatini kwa salio la karo, kinyume cha sheria ya baraza la mitihani.

Dawa inayotajwa mara nyingi ni basari, ya hazina ya maeneo bunge au ya kaunti. Imewaokoa wengi, sikatai. Lakini basari hutolewa na mwanasiasa mbele ya kamera, hufika baada ya muhula kuanza, na humfundisha mzazi kuomba kile ambacho Katiba ilikwisha kumpa. Fedha hizo zingeelekezwa moja kwa moja shuleni, kabla ya siku ya kufungua, watoto wachache wangehitaji kuombewa.

Kisha lazima pawe na mahali pa kulalamika palipo karibu. Sheria imeweka bodi ya elimu katika kila kaunti na baraza la kusikiliza rufani za elimu, lakini mchumaji wa Konoin ambaye mwanawe amewekwa kando kwenye foleni hawezi kupoteza ujira wa siku mbili kutafuta ofisi mjini Bomet. Afisa wa elimu wa kata apewe mamlaka ya kuamuru, siku ile ile na kwa maandishi, kwamba mtoto aingie na mabishano yafuate baadaye. Na kila muhula, katika baraza la naibu wa chifu, mwalimu mkuu asome mbele ya wazazi kiasi ambacho serikali iliahidi shule yao, kiasi kilichofika, na tarehe kilipofika, ili wazazi wajue ni nani hasa wanayepaswa kumdai.